Mama Masjala wa Kibondo

Mama Masjala hakutaka kusalimiwa kabla hajavua viatu. Aliingia ofisini saa moja na nusu, akapita mbele ya meza yangu kama hanioni, akaketi, akainama taratibu huku ameshika kiuno, akavua kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, akavisukuma chini ya meza kwa vidole vya miguu. Ndipo aliposhusha pumzi na kusema, "Haya. Umeamkaje?" Ukimsalimia kabla ya hapo alikuitikia kwa kichwa tu, na siku nzima ilikuwa imeharibika.

Nilifanya kazi ya ukarani chini yake miaka mitatu, miaka ile ya sabini, katika ofisi ya wilaya ya Kibondo. Jina lake alikuwa nalo na mshahara ulikuja kwa jina hilo, lakini watu wote, kuanzia mfagizi hadi mkuu wa wilaya, walimwita Mama Masjala, kwa sababu masjala ndiyo iliyokuwa mikononi mwake: chumba kirefu cha nyuma, chenye bati lililovuja, ambamo mafaili yote ya wilaya yalikaa. Barua iliyoingia Kibondo ilipita kwake na iliyotoka ilipita kwake. Aliipiga muhuri, akaiandika kwenye rejista, akaipa namba, akaiweka kwenye faili lake. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Lakini maisha ya vijana wengi wa vilima vile yalipita katika kazi hiyo, na yangu yalikuwa mojawapo.

Siku hizi nikiwaeleza wajukuu jinsi tulivyoingia chuo kikuu, wananitazama kama ninayesimulia mambo ya kale sana. Wakati wetu serikali ililipa kila kitu. Nauli, chakula, kitanda, vitabu, hata posho ya kununulia dawa ya meno. Mzazi hakuulizwa chochote, na wazazi wetu hawakuwa na chochote. Lakini kupata udhamini huo ilikuwa safari ndefu. Ukishamaliza kidato cha sita hukwenda moja kwa moja. Ulikaa kwanza mwaka mmoja katika kambi ya jeshi, ukilima na kukimbia mchakamchaka. Kisha ulifanya kazi miaka miwili. Kisha mwajiri wako aandike kwamba unafanya kazi vizuri, tawi la chama liandike kwamba una tabia njema na unaishi na watu, na wilaya ipeleke yote hayo mbele ikisema, naam, huyu tunampendekeza. Karatasi moja ikikosekana, umekosa. Ukishaingia chuoni napo, unaweka sahihi kwamba ukimaliza utaitumikia serikali miaka mitano, na kila mwaka unafaulu, la sivyo unarudi nyumbani na sanduku lako.

Mama Masjala aliyajua hayo yote kwa moyo. Hakuwahi kuingia sekondari yeye mwenyewe, lakini kila waraka kutoka wizarani ulipita kwake, naye aliusoma kabla haujafika kwa Bwana Elimu, ofisa elimu wa wilaya, na Bwana Elimu alipotaka kujua waraka ulisema nini alimwuliza yeye. Wazee walikuja kutoka Kakonko, kutoka Murungu, wengine wametembea siku nzima, wakakaa kwenye benchi la nje wakiwa na barua za watoto wao mikononi. Aliwatokea peku, kanga begani juu ya sweta, akawasomea kwa Kiswahili, kisha akaanza upya kwa Kiha. Kiha chake kilikuwa cha Ujiji, na wazee walicheka kidogo. Alisubiri wamalize kucheka. Halafu akaendelea.

"Usiniletee hadithi," alizoea kusema. "Niletee karatasi."

Watu walimwona mgumu, na alikuwa mgumu. Kuna mzee alimletea kuku ili barua ya mwanawe iwekwe juu ya nyingine. Akamwambia, "Mzee, barua haina juu wala chini, ina tarehe. Ondoka na kuku wako kabla hajaninyea hapa." Kuku mwenyewe alikuwa amekwisha kunya. Mimi ndiye niliyefagia.

Lakini mtu asidhani kwamba alikuwa mtakatifu. Mafuta ya taa ya ofisi aliyachukua bila haya, chupa nzima kila mwezi, ameifunga ndani ya kanga. Pini za serikali zilishika nywele zake. Wageni asiowataka aliwaambia Bwana Elimu yuko safarini, na Bwana Elimu anakohoa chumba cha pili. Nilimwuliza siku moja, Mama, huoni kwamba huo ni uongo? Akanitazama kwa uchovu, akasema, "Huo ni wa mdomo. Unapotea. Ninaouogopa ni ule unaoandikwa."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye kwa sababu nilipata kuyalipia. Wakati huo niliyacheka.

Alikuwa mtu wa kuchoka. Sisemi mvivu, sijaona mtu aliyefanya kazi kama yeye. Lakini uchovu ulikaa usoni mwake kama rangi ya ngozi. Mchana, baada ya sala, aliketi na karafuu mdomoni, macho wazi, na ukimwita hakusikia. Ilimchukua muda kurudi. Mvua kubwa zilipoanza, maji yalipita kwenye bati na kudondokea rafu za juu, naye akapanda ngazi akashusha mafaili mikono miwili miwili, na kesho yake jua likitoka tukayatandaza uani kama watu wanaoanika muhogo. Kila faili alilifungua mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Panya walipenda ile gundi ya mgongoni. "Serikali yote hii," alisema, akishika karatasi iliyoliwa nusu, "na inashindwa na panya." Hakusema kwa kucheka.

Kuna binti mmoja wa Kakonko, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa amemaliza miaka yake miwili. Mwalimu mkuu wake alikataa kumwandikia. Binti alikuja masjala akalia hadi kamasi zikamtoka, na kwa maneno machache ikaeleweka kwamba mwalimu mkuu alitaka kitu ambacho binti hakukitoa. Nilitegemea Mama Masjala atasema, bila karatasi sina la kufanya. Badala yake alinyoosha mkono, akatoa waraka kwenye rafu bila hata kutafuta, akaweka kidole kwenye mstari.

"Soma hapa, mwanangu. Inasema nini?"

"Inasema mwajiri."

"Mwajiri wako nani?"

Binti akafuta pua. "Si mwalimu mkuu?"

"Mwalimu mkuu anakulipa mshahara?"

"Hapana. Mshahara unatoka hapa, wilayani."

"Basi mwajiri wako ni wilaya. Yule ni mwenzako tu aliyetangulia kufika."

Akaingia kwa Bwana Elimu peku vilevile, akatoka na barua imepigwa muhuri. Binti alikwenda chuoni mwaka ule ule. Mwalimu mkuu alipokuja kulalamika, Mama Masjala alimwonyesha benchi la nje, akamwacha hapo hadi saa tisa na nusu, ofisi zilipofungwa.

Kwa hiyo nilimwogopa na nilimwamini. Ndiyo maana nililofanya mwisho wa mwaka wa pili sikulifanya kwa kutomjua.

Mimi nilizaliwa Murungu. Baba yangu hakuzaliwa huko. Alivushwa mto Malagarasi akiwa mgongoni mwa mama yake, zamani za Waingereza, akakulia Kibondo, akalima Kibondo, akalipa kodi ya kichwa Kibondo mpaka kodi yenyewe ikafutwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Lakini vita vilipotokea ng'ambo ya mto na watu wakavuka kwa maelfu wakiwa na magodoro kichwani, ghafla lafudhi ya mtu ikawa jambo la kusikilizwa. Kisha tukahamishiwa katika kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari, na katibu wa kijiji hakutujua vizuri. Nilipojaza fomu ya chuo, wilaya ikamwandikia atoe habari zangu, naye akajibu kwamba tabia yangu ni njema, ila baba yangu ametoka ng'ambo ya mto na yeye hana hakika kama kijana ni raia wa kudhaminiwa na serikali.

Mistari mitatu. Niliipokea mimi mwenyewe kwenye mfuko wa posta.

Bwana Elimu aliisoma, akasema, "Suala lako lisubiri kwanza, ndugu," akairudisha masjala iwekwe kwenye faili langu, na fomu yangu nyuma yake. Tarehe ya mwisho ya kupeleka fomu ilikuwa majuma matatu mbele. Nilijua maana ya kusubiri. Nilikuwa nimeona mafaili yanayosubiri. Tuliyaanika pamoja na mengine.

Siku iliyofuata Mama Masjala alikwenda kuswali, nami nikafungua faili langu, nikaichomoa ile barua, nikaikunja mara nne, nikaiweka mfuko wa shati. Niliona ninajitendea haki tu.

Aliporudi aliketi kwenye meza yake. Alifanya kazi mpaka saa nane. Kisha akavuta faili langu, akalifungua, akapitisha kidole pembeni mwa karatasi, pale alipokuwa akiandika namba kwa wino mwekundu.

"Kumi na sita," alisema. "Kumi na nane."

Nilifunika mfuko wa shati kwa mkono.

"Rudisha kumi na saba."

"Mama, baba yangu si mkimbizi."

"Sikukuuliza habari za baba yako. Rudisha kumi na saba."

"Ikibaki humo, siendi chuo. Unajua kwamba siendi."

"Keti," akasema. Niliketi. Alizungumza polepole, kama mtu anayebeba mzigo kwa hatua. "Faili lako litafika mezani kwa mtu Dar es Salaam. Hakujui. Atahesabu karatasi, kwa kuwa ndiyo kazi yake kama ilivyo yangu. Akiona kumi na sita na kumi na nane, atajiuliza kumi na saba ilisema nini. Unafikiri atadhani ilisema wewe ni mtu mwema? Atadhani umeua mtu. Na hapo huna hata la kujitetea, kwa sababu shtaka lenyewe hulijui. Barua ikiwepo unaweza kuijibu. Isipokuwepo utajibu nini?"

Niliitoa. Alinyoosha mikunjo kwa kiganja, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akairudisha mahali pake. Mkunjo ulibaki. Nadhani bado upo, kama panya hawajaifikia.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Katibu wa kijiji aliuliza habari za baba. Bwana Elimu aliuliza habari za baba. Mimi mwenyewe usiku na mchana niliwaza baba, baba. Yeye aliniuliza, "Mama yako alizaliwa wapi?"

"Mama amekufa."

"Pole. Alizaliwa wapi?"

"Murungu. Ukoo wao wote ni wa Murungu."

Akasimama, akaenda mwisho wa chumba, akarudi na kitabu kidogo cha sheria chenye jalada la kijani lililofifia. Akanisomea kwamba aliyezaliwa hapa kabla ya uhuru, na mzazi wake mmoja naye amezaliwa hapa, alikuwa raia tangu siku ya uhuru yenyewe. "Mmoja," akarudia. "Haikusema baba. Sasa nitafutie karatasi ya mama yako."

Mama hakuwahi kuwa na karatasi katika maisha yake. Nilifikiri mpaka nikakumbuka kwamba alibatizwa.

Misheni yenyewe ilikuwa upande wa Kasulu. Nilipewa ruhusa ya siku nne, nikapanda lori la maharage, nikakaa juu ya magunia na vumbi jekundu likaingia hadi kwenye meno. Nilipofika padre alikuwa amekwenda kutembelea vigango, makanisa madogo ya vijijini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao. Nikamsubiri. Siku nne zikaisha, ikaja ya tano, ya sita. Nililala kwa katekista, nikamsaidia kupalilia kahawa. Siku ya saba padre akarudi kwa pikipiki, amelowa, ana homa, akaniambia nije kesho. Kesho yake tukafungua kitabu cha ubatizo, kikubwa kama meza, na ilituchukua asubuhi nzima kwa sababu sikujua mwaka. Tulimpata karibu na saa sita. Anastazia, mtoto mchanga, amezaliwa Murungu. Jina la baba yake na la mama yake chini. Padre akanakili kwa mwandiko wa kutetemeka, akapiga muhuri.

Nilirudi Kibondo nikiwa nimekosa kazi siku sita zisizo na ruhusa. Mama Masjala aliziandika kwenye faili langu, zote sita. Kisha akaichukua nakala ya ubatizo, akaisoma, akaipa namba, na jioni hiyo hiyo akaandaa barua ya Bwana Elimu kutia sahihi: kumi na saba inasema hivi, na jibu lake ni karatasi ya kumi na tisa.

Barua ilipanda basi la posta. Mvua zikakata barabara kabla ya Kasulu, basi likalala njiani juma zima. Fomu zangu zilifika Dar es Salaam zimechelewa siku tisa. Jibu lilikuja kwa mistari miwili, nalo pia nililipokea mimi mwenyewe kwenye mfuko: maombi yamefika baada ya tarehe, mwombaji anashauriwa kuomba tena mwaka ujao.

Sikulia. Nilikaa kwenye sakafu katikati ya rafu. Mama Masjala alikuja akasimama juu yangu, akaniambia, "Amka. Sakafu ina baridi." Baadaye kidogo akaniletea chai yake mwenyewe, akarudi kwenye rejista. Hilo ndilo lililokuwa la kunifariji. Kwa miezi kadhaa nilimchukia. Nilihesabu kwamba kama angeniachia nile ile barua kama panya, ningekuwa chuoni.

Baba alikuja mwezi uliofuata kuleta muhogo na kunitazama. Alikuwa hajui kusoma. Aliketi kwenye benchi la nje, na Mama Masjala akatoka kumsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee."

"Ego, mwakeye."

Akaingia ndani akatoka na faili langu. Sikuwahi kumwona akitoa faili nje ya mlango. Akalifungua magotini, akamsomea baba nakala ya ubatizo kwa Kiha, polepole: Anastazia, mtoto mchanga, binti wa fulani na fulani, amezaliwa Murungu. Baba akavua kofia. Akaomba asomewe tena. Akasomewa tena. Mara ya tatu hakuomba, aliinua tu uso, na Mama Masjala akasoma. Mama alikuwa amekufa miaka kumi na moja iliyopita. Tulipohamishwa kijiji kaburi lake lilibaki kule kwenye mahame, ndani ya majani, na baba hakuwa amelisikia jina lake likitamkwa na mtu mwingine kwa muda mrefu sana.

"Kumbe serikali inamjua," baba alisema.

"Inamjua tangu mwezi uliopita," akajibu Mama Masjala, na akafunga faili.

Chuki yangu ilipungua siku hiyo, lakini iliyoimaliza ni habari ya mdogo wake. Sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na dereva wa wilaya, kisha siku moja ya mvua nikapata ujasiri wa kumwuliza.

Kabla ya kuhamishiwa Kibondo alikuwa masjala ya Kasulu, na mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mwenyewe, alikuwa karani hapo hapo Kasulu akitumikia miaka yake miwili. Alikuwa kijana mwenye akili, dereva alisema, mcheshi, mpenda pombe. Tawi likamwandikia barua mbaya: mlevi, hafiki kazini Jumatatu. Barua ile ilipita mikononi mwa dada yake. Aliisoma, akaipa namba, akaiweka.

"Ilikuwa kweli?" nilimwuliza.

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye ndoo tuliyoitega.

"Ilikuwa kweli kwa mwaka wa kwanza," alisema. "Mwaka wa pili alikuwa ameacha. Aliyeandika hakutaka kujua."

"Ungeweza kuichomoa."

"Ningeweza. Hakuna aliyekuwa ameiona ila mimi." Akasogeza ndoo kwa mguu. "Nilidhani ataijibu. Nilimwambia, kuna barua, nenda kwa mwajiri wako akuandikie habari za mwaka wa pili. Akaniambia, dada, wewe itoe tu. Nikakataa. Naye akakataa kuomba. Tukakaa hivyo, watu wawili wakaidi, mpaka tarehe ikapita."

"Yuko wapi sasa?"

"Ana duka Kasulu. Anauza nguo. Hanisemeshi."

Nilitaka kumwambia alifanya sawa, ila sikuwa na hakika, na yeye angejua. Akaweka karafuu mdomoni. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba aliponiambia rudisha kumi na saba alikuwa anajua barabara jinsi mambo yangeweza kwenda, na kwamba swali lile la mama yako alizaliwa wapi halikumjia hivi hivi. Mara ya kwanza alisubiri mtu mwingine atafute jibu. Mara ya pili alilitafuta mwenyewe.

Mwaka wa tatu fomu zangu zilikwenda mapema, na zilipokelewa. Siku ya kuondoka nilimwachia kalamu yangu ya wino. Aliitazama, akauliza kama ni yangu au ya ofisi. Nilipomwambia ni yangu, akaichukua.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupangiwa kufundisha sekondari upande wa Kasulu, ndani ya ile miaka mitano niliyoiwekea sahihi. Ulikuwa wakati wa shida ya bidhaa. Sabuni ilikuwa kitu cha kuota. Jumamosi moja tulisikia kwamba duka la ushirika la Kasulu mjini limepokea sabuni za miche, nikaenda, nikakuta foleni imezunguka nyumba. Mwishoni kabisa, karibu na kona, ameketi juu ya debe lililofunikwa, kavua viatu, alikuwa Mama Masjala. Alikuwa amestaafu na kurudi Kasulu. Amekonda, mashavu yameingia ndani.

Nilimwamkia. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Umenenepa. Chuo kilikupa chakula."

Nikachuchumaa kando yake. Tulizungumza habari za watu wa Kibondo, nani kahamishwa, nani kafa. Sijui kwa nini nilimwambia jambo ambalo hata mke wangu hakulijua wakati huo: kwamba mwaka wa pili chuoni nilifeli masomo mawili, nikaitwa, nikaambiwa udhamini wangu unaangaliwa upya. Nilikaa mwezi mzima sanduku limefungwa. Halafu siku moja nikaitwa tena, nikaambiwa nirudie mitihani na nitabaki. Sikupata kujua kilichotokea.

"Walituandikia," alisema.

"Nani?"

"Chuo. Waliiandikia wilaya iliyokupendekeza. Walitaka kujua kama bado tunakupendekeza na ulikuwa mtu wa namna gani kazini. Bwana Elimu alikuwa mpya, hakujui. Akaniambia, Mama, andika wewe, mimi nitatia sahihi."

Nilimsogelea kama mwanafunzi, mtu mzima mimi, mwalimu. "Ukaandika nini?"

"Kwamba ulikuwa mfanyakazi wa wastani."

"Wastani?"

"Wastani. Ulikosa kazi siku sita bila ruhusa, nikaziandika, na sababu yake nikaiandika. Kwamba ulitoa karatasi kwenye faili na ukairudisha mwenyewe ulipoambiwa. Kwamba ulikosa chuo mwaka mmoja kwa sababu ya mvua, ukaendelea kuja kazini kila siku mwaka huo wote, hukukosa hata moja, ijapokuwa ulikuwa hunipendi. Nikaandika kwamba mtu wa namna hiyo akipewa nafasi ya kurudia, atarudia."

Nilitazama miguu yake peku.

"Ungetaka niandike hodari?" akauliza. "Kila wilaya inaandika hodari. Kule Dar es Salaam wana makabati yamejaa mahodari."

"Na kama ningekuwa mbaya, Mama?"

Aligeuza uso upande wa barabara iendayo sokoni, kwenye maduka ya nguo, likiwamo la mdogo wake. "Ningeandika mbaya," alisema. "Halafu ningekaa na hilo nalo."

Foleni ikasogea. Nilimshika kiwiko akasimama, akavaa viatu kwa taabu, nikambebea debe. Mwuza duka alinitambua kutoka mlangoni, akapunga mkono: "Mwalimu! Pita huku mbele, mwalimu!" Nilimwambia Mama Masjala twende, tutachukua yake na yangu pamoja.

"Wewe ulikuja baada yangu," alisema, "na hawa wote wamekuja kabla yetu. Simama nyuma yangu hapo."

Nikasimama nyuma yake. Jua lilipanda. Sabuni iliisha watu watatu mbele yetu. Mlango ukafungwa, watu wakaguna, wengine wakatukana, wakaanza kutawanyika. Mama Masjala alitazama ule mlango kidogo, akachukua debe lake mikononi mwangu, akajifunga kanga vizuri.

"Haya," akasema. "Tutakuja Jumatatu."

Akaondoka polepole kwa njia ya sokoni, na mimi nikabaki nimesimama pale mpaka alipokata kona.